Darasa la Umejuaje

Nilichaguliwa kwenda darasa la watoto wenye vipaji kwa sababu mwalimu mkuu wetu alitaka kupumzika. Barua ilifika shuleni mwishoni mwa mwezi wa tano, imepigwa chapa kwa mashine ambayo herufi yake moja ilikuwa imepinda, ikiomba mtoto mmoja "mwenye kipaji, mdadisi na mwenye maswali mengi" aende kwenye masomo ya likizo Buzuruga, hapo hapo Mwanza. Shuleni kwetu walikuwepo watoto wanne au watano wenye akili hasa. Walikaa kimya mstari wa mbele, na daftari zao zilifunikwa magazeti. Mimi nilikuwa nimetoka kumuuliza mwalimu wa sayansi kwa nini ua alilochora ubaoni lina petali tano wakati lile la nje ya ofisi lina sita. Akaniadhibu kumwagilia maua ya nje kwa wiki mbili. Nilipomaliza adhabu nilirudi kumweleza kwamba mengine yana saba. Nadhani mwalimu mkuu aliisoma ile barua mpaka penye neno "maswali", akaandika jina langu bila kuendelea.

Mama alifurahi sana. Miaka ile kila mtaa ulikuwa umeota tuisheni, kama ulivyoota maduka ya mitumba na vibanda vya soda, na mama aliijua tuisheni: unanakili maswali ya mitihani iliyopita, unakariri majibu, unafaulu. Alininunulia daftari mbili kubwa na kalamu tatu. Siku ya kwanza nilirudi na daftari tupu. Alizifungua zote mbili, akazitikisa kidogo kama vile maandishi yangedondoka, akaniuliza huyo mwalimu ni mwalimu wa nini.

Ukweli ni kwamba hakuwa mwalimu. Alikuwa msaidizi wa maabara kwenye ofisi moja ya utafiti wa samaki, akafanya kazi miaka mingi ya kupima matumbo ya samaki, kisha akapunguzwa. Siku hizo watu wengi walipunguzwa kazi. Wenzake waliopunguzwa pamoja naye walinunua pikapu au wakafungua baa. Yeye alifungua darasa la watoto wadadisi kwenye baraza ya nyumba yake, na mkewe akaacha kuzungumza naye kwa muda. Majirani waliamini kupunguzwa kumemgusa kichwa. Sisi tulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa na ubao.

Tulikuwa watoto tisa, na darasa lake lilikuwa na kanuni moja. Ukijibu swali, lolote lile, aliuliza, "Umejuaje?" Siku ya kwanza alimuuliza mvulana mmoja kama maji ya ziwa letu yana chumvi. Mvulana akajibu hayana. Umejuaje? Imeandikwa kwenye kitabu. Kitabu kimejuaje? Mvulana akatazama dari. Alikuwa anatoka kwenye moja ya zile shule mpya za kulipia, zenye soksi nyeupe, na nafikiri hakuwahi kuulizwa kitu mara mbili. Mwishowe akasema kwa sauti ya kulia, "Sijui."

"Vizuri sana," Mwalimu akasema. "Kaa."

Shuleni kwetu ukisema sijui ulichapwa. Hapa ulipongezwa, halafu mkatoka wote kwenda kutafuta. Siku ile tulikwenda kuonja ziwa. Ilituchukua siku tatu kuzoea, na yule mvulana wa soksi aliendelea kulia mpaka Alhamisi. Mimi sikulia. Nilijiona nimefika kwetu, na nasema hivyo bila aibu: sijawahi kupapenda mahali pengine popote kama nilivyoipenda baraza ile. Kosa langu lilikuwa kurudi na kanuni nyumbani. Mama aliposema ugali umeiva nikamuuliza umejuaje, naye akaniuliza kama ningependa mwiko unijulishe.

Mwaka ule ghuba yote ya Mwanza ilikuwa imejaa magugu maji. Asubuhi ungeamka ukakuta uwanja wa kijani mahali ambapo jana palikuwa na maji, na jioni upepo umeuhamishia kwa watu wengine. Mitumbwi ilikwama. Wengine walisema gugu limetoka Rwanda, wengine wazungu wamelitupa, wengine Mungu ametukasirikia kwa ajili ya baa. Mwalimu aliposikia hayo aliuliza tu wamejuaje. Akatupeleka ufukweni, kila mtoto akachukua gugu moja, akalipanda kwenye beseni la maji uani kwake. Kila asubuhi tulihesabu majani, tukachora mizizi, tukaandika machipukizi mapya na upande yalikotokea. Mabeseni yote ya nyumba ile yalikuwa ya utafiti. Mkewe alifulia kwenye ndoo.

Langu lilizaa kuliko yote. Kufikia wiki ya tatu beseni lilikuwa limejaa, na siku moja likatoa ua la zambarau lenye doa la njano katikati. Wavuvi walikuwa wanalilaani jani lile kwa lugha zote za kanda ya ziwa, nami nililiamkia kila asubuhi kabla sijamwamkia Mwalimu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na lilikuwa jambo la kwanza maishani mwangu kustawi nikilisimamia mwenyewe.

Siku ya mwisho tulianika magugu yote juu ya saruji mpaka yakakauka, tukayachoma. Mwalimu alitupa vyeti alivyopiga chapa mwenyewe, kisha akatuambia kila mmoja aandike swali moja la kwenda nalo nyumbani. Langu niliandika: Je, litaota mahali pasipo ziwa? Alilisoma, akaondoa miwani, akalisoma tena.

"Swali zuri sana," akasema. "Hili usilijaribu."

"Ndiyo, Mwalimu."

Hilo lilikuwa jibu langu la pekee katika wiki tano ambalo hakuniuliza nimejuaje. Wakati ananiambia hivyo, chipukizi moja lilikuwa tayari kwenye mfuko wangu wa daftari, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, na maji vidole viwili.

Siku zilizobaki za likizo nilipelekwa kwa bibi yangu mzaa mama, Kisesa. Bibi alikuwa na shamba la pamba, mbuzi, na ng'ombe mmoja, mtamba mwekundu aliyempenda kuliko wajukuu, na alisema hivyo mbele yetu. Chini ya nyumba yake kulikuwa na lambo, bwawa la kuchimbwa lililohifadhi maji ya mvua. Ng'ombe wa kijiji kizima walikunywa hapo, na akina mama walichota upande wa juu. Nilimwonyesha Bibi cheti, akakibandika ukutani karibu na kalenda. Nikamwonyesha kopo.

"Nini hii?"

"Ua, Bibi."

"Zuri," akasema. Siku mbili baadaye akalitaka kopo la kupimia mahindi, kwa sababu lake lilikuwa limetoboka. Akaniambia nilitafutie ua pahali pengine.

Kwa hiyo sikulipeleka lamboni kwa hila yoyote. Nililipeleka kwa sababu kopo lilihitajika. Lakini nilikuwa na swali mfukoni, na nilipoliachia pembeni ya maji, kwenye kona yenye matete, nilikuwa nafahamu kabisa kwamba nimekatazwa. Niliandika tarehe kwenye daftari. Asubuhi zilizofuata nilihesabu majani mpaka siku ya kurudi mjini.

Pale lamboni nilikutana mara nyingi na mzee mmoja, jirani wa Bibi, aliyekwenda Mwanza kwa baiskeli mara mbili kwa wiki kuchukua mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani baada ya minofu kwenda Ulaya. Aliyaleta kwenye magunia yanayochuruzika maji, akayauza gulioni, kisha akayafua magunia kwenye lambo. Watu walimlalamikia kwa harufu. Nilimweleza tunachofundishwa Buzuruga, akacheka mpaka akaegemea baiskeli. Tangu siku ile nikimwamkia, "Shikamoo, babu," alinijibu, "Marahaba. Umejuaje kama mimi ni babu?"

Mwezi wa kumi na mbili sikwenda Kisesa, nilikuwa na malaria. Nilirudi likizo ya mwaka uliofuata, kukaa wiki moja kabla darasa la Buzuruga halijafunguliwa tena. Niliteremka kwenye gari, nikakata kwenye njia ya mkonge, na nilipotokea juu ya lambo sikuliona. Palikuwa na malisho ya kijani yaliyonona, yenye maua ya zambarau, katikati ya kiangazi. Siku tatu kabla, ndama wa mwenyekiti wa kijiji naye aliyaona hivyo hivyo. Alitembea juu yake hatua chache.

Bibi alinieleza habari ya ndama huku ananipakulia chakula. Akina mama sasa walitumia nusu ya asubuhi kutafuta tundu la kutumbukizia ndoo. Ng'ombe walikuwa wanapelekwa mbali. Kesho yake kutakuwa na dagashida, baraza la wanaume wa kijiji linaloamua makosa, na Bibi alikuwa amekwisha kwenda kwa mwenyekiti. "Nimemwambia mjukuu wangu amelisomea hilo jani," akasema. "Ana cheti." Nikaangalia ukutani. Cheti kilikuwa kimewekewa nailoni ili moshi usikiharibu.

Sikula. Nilimwambia nimeshiba njiani.

Mtoto hakanyagi dagashida, na msichana ndiyo kabisa. Mimi niliitwa, nikasimamishwa mbele ya wanaume wenye fimbo waliokaa nusu duara, na Bibi akaruhusiwa kusimama nyuma yangu kwa sababu Kisukuma changu kilikuwa cha mjini na huenda kingehitaji msaada. Mwenyekiti akaniuliza jani hili ni nini. Nikawaeleza. Niliwaeleza vizuri mno, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Jinsi linavyotoa mkono pembeni na mkono ukawa mama mwingine, jinsi mbegu zinavyozama kwenye tope zikangoja, jinsi linavyokunywa maji ya bwawa hata yasiponywewa na ng'ombe. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja alisema mbona tulichelewa kuwapeleka wasichana shule.

Kisha mwenyekiti akauliza: "Linaweza kusafiri ndani ya gunia lililolowa maji?"

"Linaweza," nikasema.

Na ni kweli, linaweza. Hata leo ukiniuliza nitakujibu hivyo. Sauti ya chini ikapita kwenye nusu duara, na watu wote wakageuza shingo upande mmoja, alikokaa yule mzee wa mapanki na kofia yake magotini. Hapo ndipo nilipoelewa nimeitwa kwa kazi gani. Walikuwa wamekwisha kumpata mtu. Walichokosa ni cheti.

Adhabu ilisomwa hapo hapo. Alipe ng'ombe, na atengwe mpaka lambo litakaposafishika. Kutengwa Usukumani si maneno. Hakuna atakayekusalimia, hutaazimwa jembe, mke wako hatapewa moto kwa jirani, na ukifiwa utachimba kaburi mwenyewe. Mzee yule alikuwa na mke mgonjwa. Nililijua hilo. Nilikuwa nimesimama kwenye vumbi na viatu vyangu vya shule, nikajiambia kwamba sijasema uongo. Nilijiambia mara nyingi kwa muda mfupi.

Kwa desturi mtuhumiwa hupewa nafasi ya mwisho. Mzee akasimama, akageukia kwangu badala ya mwenyekiti.

"Mjukuu wangu," akasema, "magunia nayakung'uta mwenyewe kila safari. Sijaona jani. Lakini macho yangu ni ya zamani, na wewe umesoma. Kama umesema limeletwa na gunia, basi niambie na mimi nijue. Umejuaje?"

Hakuwa ananitania. Safari ile alitaka kujua kweli, na nilivyoona alikuwa tayari kukubali, mradi nimwonyeshe jani lilivyomponyoka. Nilikuwa na majibu mawili matatu. Ningesema kitabu, ningesema Mwalimu. Lakini nilikuwa nimekaa wiki tano kwenye baraza ya Buzuruga, na nilijua kila jibu linaishia wapi ukiulizwa mara ya pili.

"Sikusema limeletwa na gunia," nikasema. "Nimesema linaweza. Nililileta mimi. Kwenye kopo."

Mwenyekiti akaniomba nirudie, alidhani ni Kisukuma changu. Nikarudia kwa Kiswahili. Nyuma yangu nikasikia Bibi anavuta pumzi, kisha akaja kusimama ubavuni mwangu.

"Mwenye mtoto ni mimi," akasema.

Walibishana mpaka jua likageuka. Desturi zao zilikuwa na adhabu kwa mwizi, kwa mchawi na kwa asiyehudhuria mazishi, ila hazikuwa na adhabu kwa msichana wa miaka kumi na miwili aliyefanya jaribio. Mwishowe wakaamua Bibi atoe mtamba wake kwa ajili ya ndama aliyezama, kijiji kizima kiingie kung'oa, nami niwe wa kwanza kuingia majini na wa mwisho kutoka, mpaka liishe. Kutengwa kukafutwa. Mzee wa mapanki akavaa kofia yake, akaenda nyumbani kumpikia mkewe.

Njiani Bibi alitangulia mbele. Tulipofika aliketi kwenye kigoda akamwangalia mtamba wake kwa muda, kisha akauliza, "Mbona hukuniambia ni nini?"

"Nilikwambia ni ua."

"Ni ua kweli," akasema. Ningependa angenichapa. Badala yake alinipakulia chakula, na safari hii nilikula kwa sababu niliogopa kukataa.

Nilikaa majini likizo nzima. Gugu lile ukiling'oa linakuja na mizizi myeusi yenye tope, zito mara tatu ya linavyoonekana, na ruba wanakuja nalo. Darasa la Buzuruga lilifunguliwa bila mimi. Jumapili ya tatu Mwalimu alikuja kwa gari la abiria, mama alikuwa amemweleza. Alimwamkia Bibi kwa heshima zote, akakunja suruali, akaingia. Tuling'oa mpaka jioni, na niliona haya kiasi kwamba sikumtazama usoni hata mara moja.

Alipokuwa anavaa viatu akaniuliza, "Litaota mahali pasipo ziwa?"

"Limeota, Mwalimu."

"Umeandika?"

"Bado."

"Andika," akasema. Akafunga kamba za kiatu. "Na mimi nilipaswa kukuuliza siku ile. Nilikuona umeshika mfuko." Akaenda kupanda gari.

Lambo lilionekana safi mwishoni mwa mwezi wa saba, lakini mimi nilijua habari za mbegu kwenye tope, na kwa kuwa niliwaambia mwenyewe, wote walijua. Kwa hiyo kila likizo niliporudi Kisesa, kazi yangu ya kwanza, kabla ya kunywa maji, ilikuwa kuzunguka lambo nikitafuta jani. Mwaka wa kwanza nilipata mengi. Mwaka wa pili machache. Cheti hakikuondolewa ukutani, na sikuwahi kuthubutu kuuliza kwa nini. Mahali pa mtamba Bibi alifunga mbuzi.

Mwaka wa tatu nilikuwa kidato cha kwanza. Nilipofika lamboni nilimkuta mzee wa mapanki amekaa kwenye jiwe. Alikuwa ameacha biashara, miguu ilikataa baiskeli, na mkewe alikuwa amefariki wakati wa masika. Kijiji kizima kilikuja kumchimbia kaburi. Bibi aliniandikia habari hiyo kwenye barua, na sikuyafuta machozi yaliyoanguka juu yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Safari hii hakuuliza nimejuaje. Akafungua gazeti lililokunjwa, ndani yake kulikuwa na gugu moja dogo lililokauka, mizizi imekuwa kama nywele. "Nimeling'oa mwezi uliopita, kule kwenye matete ulikolianzisha. Kila siku nazunguka hapa, sijaona jingine. La mwisho hili. Nikasema nikuwekee, ulichome mwenyewe."

Nililipokea. Halikuwa na uzito wowote. Nilitamani sana kumwamini.

"Babu," nikasema, "umejuaje kama ni la mwisho?"

Aliliangalia lambo, ng'ombe walivyokuwa wanakunywa upande wa pili, na mama mmoja anayejaza ndoo.

"Sijui," akasema.

Nikamshika mkono, akasimama kwa fimbo yake, tukaanza kuzunguka.